Nilimwandikia Mtoto Ugonjwa Asiokuwa Nao

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako juu ya jambo ambalo nimelibeba kwa wiki mbili bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Mimi ni muuguzi katika shule ya bweni upande wa Kola, na muhula huu ulipoanza mama mmoja, mkulima, alimleta binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye hapa nitamwita Mukai, akasubiri wazazi wengine watoke chumbani kwangu, kisha akatoa dawa za kifafa zilizofungwa ndani ya leso na kusema, "Sista, niko na ombi moja. Andika kitu kingine. Shule ile ya kwanza walijua, na wasichana wakakataa kulala karibu na yeye," nami nikamwonea huruma, nikamwahidi kutunza siri, nikaandika katika daftari la wagonjwa kwamba Mukai ana vidonda vya tumbo, kwa sababu unajua katika shule zetu za bweni ugonjwa huo hauna aibu, nusu ya darasa wanao au wanadai wanao, wanapewa maziwa saa nne, na mtoto anayemeza vidonge asubuhi na jioni kwa jina hilo haulizwi chochote.

Jumamosi moja nikiwa nimetoka kwa ruhusa kwenda mjini Machakos, Mukai alimwendea mwalimu wa zamu, nitamwita Musili, akashika tumbo na kusema, "Mwalimu, tumbo linapanda," neno ambalo mimi ningelitambua mara moja, maana ndivyo kifafa chake huanza, lakini Musili alifungua daftari langu, akasoma nilichoandika, akaagiza maziwa jikoni, na mtoto alipoanguka na kukakamaa alidhani maumivu yamezidi, akamwinua kichwa na kumnywesha, maziwa yakaingia katika njia ya hewa, na Mukai akalazwa hospitalini siku sita, mbili kati ya hizo akipumua kwa msaada wa oksijeni.

Amepona, namshukuru Mungu, na yuko nyumbani, mama yake amekaa kimya, ila hasira ya wazazi wengine yote imemwangukia Musili, kwa kuwa katika mkutano wao mwenyekiti alimuuliza mbele ya watu, "Mwalimu wa hesabu amekuwa daktari tangu lini?" wakacheka, naye Musili baadaye alinifuata mlangoni akaniuliza polepole, "Sista, si ni wewe uliandika vidonda?" nami nikamwambia kwamba maziwa hayapewi mtu aliyeanguka, jibu ambalo ni kweli na ambalo limeninyima usingizi, kwa maana bodi ya shule inakutana mwisho wa mwezi kuamua kama ataondolewa, na nikisema yote nitavunja ahadi niliyompa yule mama na pengine nipoteze kazi, na nikinyamaza ataondoka mwalimu aliyefuata maandishi yangu. Nifanye nini?

Muuguzi, Kola

*

Muuguzi wa Kola,

Kwa kumhurumia mama aliyekwisha kuona binti yake akitengwa, sikulaumu. Kosa lako linaanzia kwenye kalamu. Siri ya mgonjwa inakutaka unyamaze. Haikupi ruhusa ya kuandika uongo. Ungeweza kuandika hivi: "Ana maradhi ya kudumu. Akilalamika tumbo, mketishe chini. Akianguka, mlaze ubavu, usimpe chochote mdomoni, nipigie simu." Maneno hayo hayataji kifafa, na siku ile yangemfaa Musili kuliko jina lolote la ugonjwa. Muuguzi wa shule ana siku za mapumziko kama watu wengine, na katika siku hizo daftari ndilo linalofanya kazi yake.

Jibu ulilompa mwalimu mlangoni ni baya kuliko ulichoandika. Ulipoandika ulikuwa ukimlinda mtoto. Mlangoni ulijilinda wewe.

Sasa tutenganishe mambo mawili uliyoyachanganya. Uongo ulioandikwa ni wako, na kuukiri hakuhitaji ruhusa ya mzazi yeyote. Jina la ugonjwa ni la Mukai na mama yake, na hilo ndilo linalohitaji ruhusa. Nenda nyumbani kwao juma hili, usipige simu. Mweleze mama hatua kwa hatua jinsi maandishi yako yalivyomfikisha Musili kwenye maziwa, kisha uombe kwamba mwalimu mkuu na matroni wa bweni waambiwe, wawili hao tu. Muulize na Mukai, kwa kuwa mwili ni wake. Wakikataa, bado unaweza kumwambia mwalimu mkuu, kwa maandishi yenye sahihi yako: "Nilichoandika hakikuwa kweli, nilikiandika nikijua, na mwalimu alikifuata." Bodi haihitaji zaidi ya hapo ili kumwacha Musili kazini. Mtoto naye asirudi bwenini mpaka awepo mtu mzima, mchana na usiku, anayejua la kufanya.

Wafundishe walimu wote, wapishi na walinzi, bila kumtaja mwanafunzi yeyote: mtoto akikakamaa, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimshikilie kwa nguvu, msitie kitu mdomoni, mlazeni ubavu, tazameni saa, na dakika tano zikipita apelekwe hospitalini. Somo hilo ulipaswa kulitoa wiki ya kwanza ya muhula.

Huenda ukapewa onyo, huenda ukafutwa kazi. Siwezi kukuahidi vingine, wala sioni kwamba hofu hiyo inapunguza wajibu wako.

Lakini kabla ya mama, kabla ya mwalimu mkuu, mtafute Musili leo. Usimtajie ugonjwa na usijieleze sana. Mwambie kwamba alisoma sawasawa, na kwamba kosa lilikuwa katika ulichoandika. Kwa wiki mbili mtu huyo ameamini kwamba nusura aue mtoto kwa ujinga wake, na katika shule nzima ni wewe peke yako unayejua kwamba sivyo.