Macho Yako Hayakuruka, Baba

Mpendwa Baba,

Usinikasirikie huko uliko, maana leo nakuandikia kwa kukushuku. Nataka kujua jambo moja tu. Ile barua niliyokutumia kutoka chuoni, uliisoma ukanyamaza, au hukuisoma kabisa? Miaka yote hii nimeishi nikiamini uliisoma. Sasa sina hakika, na hilo linaniuma kuliko hasira niliyokuwa nayo.

Unanijua. Hata muuza duka akinipimia kilo ya sukari, naipimapima kwa mkono mpaka nifike nyumbani. Sasa mwezi uliopita sisi walimu wa madarasa ya chini hapa Karatu tuliitwa kwenye semina. Mwezeshaji alitoboa tundu katikati ya karatasi yenye maandishi, akataka mmoja asome na mwenzake achungulie macho yake kupitia tundu lile. Baba, macho ya msomaji hayatelezi. Yanaruka, yanatua kidogo, yanaruka tena. Neno fupi la kila siku mara nyingi yanalipita tu, neno geni yanalirudia. Na mtu akisoma kwa sauti, macho yanatangulia mbele ya mdomo. Wenzangu walikuwa wanacheka kwa kutazamana hivyo. Mimi nilikuwa nakuona wewe, umesimama kanisani kwetu Qurus, macho yanateremka kwenye ukurasa polepole, kama mtu anayetazama maji yakipita mferejini. Hayakutua popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nakupeleleza, japo umeshalala kaburini.

Nilianzia kwenye Jumamosi zetu. Ulikuwa unatoka kwenye mbaazi, unanawa, unakaa, unanipa Biblia nikusomee somo la kesho yake. Ulisema unataka kuona kama shule inanisaidia. Nilisoma mara tatu, nne, na wewe umefumba macho. Nilivimba kichwa kweli, mtoto wa pekee anayepimwa na baba yake msomaji. Kesho yake ulisimama mbele ya watu ukasoma bila kukwama hata mara moja, na katekista akawa anawaambia wengine waige kwako. Kumbe mtu asiyekwama hata kidogo ndiye wa kutiliwa shaka.

Halafu kuna lile kosa. Jumamosi moja nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Mistari miwili ilianza kwa maneno yale yale, jicho langu likadondoka kutoka wa kwanza hadi wa pili, na yote yaliyokuwa katikati nikayaacha. Nilirudia hivyo hivyo kila mara. Sikujua mpaka Jumapili, nilipokuwa nafuatilia kwenye Biblia yetu nimekaa karibu na Mama. Ulifika pale pale, ukayaacha yale yale. Tukiwa njiani kurudi nilikuambia tumekosea wote wawili mahali pamoja. Ukasema, "Basi macho yetu ni ya ukoo mmoja." Nilicheka mpaka nyumbani. Leo sicheki, kwa sababu jicho lililoruka lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu.

Nilipokwenda chuo cha ualimu, uliacha kusoma kanisani. Ulisema macho yamechoka. Nikakununulia miwani, ukaivaa, ukaisifu, lakini hukurudi kusoma. Na mimi mwenye kushuku kila kitu sikushuku hilo.

Ndipo ikaja barua. Nilikuandikia kwamba nimechumbiwa na Lemayani wa Malambo, nikijua hukutaka mkwe mfugaji. Nikaandika maneno ambayo sijawahi kumwonyesha mtu: ukinikubalia, nijibu, ukinyamaza, nitajua hunitaki tena nyumbani. Barua ilipitia sanduku la kanisa kama barua zote za kijijini, jina lako likatangazwa baada ya ibada, ukaenda mbele kuichukua. Hukujibu. Niliolewa bila wewe. Niliporudi Qurus, ulikuwa kwenye jeneza, na watu waliniona silii.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumbana Mama. Nilimuuliza kama ulijua kusoma, akanikasirikia. Kwani msomaji wa kanisa hasomi? Nikamuuliza kuhusu ile barua. Akasema ulimsomea siku ile ile, ameketi anachambua maharage, na anaikumbuka vizuri.

"Ilisema nini, Mama?"

"Ilisema umefaulu mitihani, unatusalimu, na Pasaka unakuja. Baba yako akachinja mbuzi. Alikusubiri kule barabarani siku mbili, wewe hukutokea."

Baba, katika hayo yote hakuna hata neno moja nililoandika mimi.

Bado nilitafuta kukukamata. Nikafikiri labda uliisoma, ukamficha Mama ili asiumie. Nilitaka iwe hivyo, nakiri, kwa sababu basi ningekuwa na haki ya kukukasirikia miaka yote ile. Lakini mtu hasimami vumbini siku mbili kumsubiri mtoto huku akijua hatakuja. Hapo nililia, mbele ya Mama, naye akadhani nalilia mbuzi aliyeliwa na majirani. Sikumwambia kitu. Siri yako naiacha kwako.

Najiuliza ungempelekea nani karatasi ile. Katekista? Majirani waliokusikia ukisoma miaka yote? Msomaji wako alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeondoka. Basi ukaikunja, ukapanda hadi barabarani na kutazama kila gari linalotoka Karatu. Nilidhani umenikataa, kumbe ulikuwa unanisubiri nije nikusomee.

Nisamehe, Baba.

Mimi,
binti yako, msomaji wako