Kipande cha Alumini Nilichokisugua

Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi kisha ikakata, na sasa mtaa wote wa Hai Cinema unanuka tope na moshi wa makaa. Sijala tangu jana mchana. Ugali upo, umefunikwa kwenye sufuria. Nikimega tonge, nalirudisha.

Leo nimenawa mikono hadi ngozi imekauka. Nimetumia sabuni ya kufulia, halafu dawa ya kliniki, halafu ndimu. Bado nasikia harufu ya ile dawa ya kung'arishia.

Nina kinyaa, na kinyaa chenyewe ni changu mimi mwenyewe.

Kwa anayefika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: naitwa Nekesa, ni Mkenya, na ni fundi wa meno bandia kwenye kliniki moja hapa Buluk, mjini Juba. Wagonjwa huniita daktari. Nilishachoka kuwasahihisha. Jioni, stima ikiwapo, naunda ndege ndogo za plastiki, za kutosha kukaa juu ya sinia. Sipendi zile za rangi. Napenda zile za chuma kitupu, zilizoachwa bila rangi, alumini yake iwake juani.

Wanaounda ndege hizi wanajua kwamba hakuna kazi ngumu kuliko hiyo. Rangi inaficha makosa. Chuma kinayatangaza. Mimi nabandika foili ya jikoni kipande kwa kipande, naikandamiza kwa vifaa vyangu vya meno, na sigusi bila glavu kwa sababu mafuta ya kidole yanaacha alama. Tatizo kubwa ni vivuli. Ndege halisi haing'ai sawasawa mwili mzima: bati moja ni jeupe, la pili ni la majivu, la karibu na injini limeungua kidogo. Nimewahi kuchemsha foili pamoja na mayai ili ififie. Mayai nikala, foili nikabandika.

Nilikuwa na furaha za namna hiyo. Sasa niandike yaliyotokea.

Wiki tatu zilizopita ndege moja kuukuu ya mizigo, ya injini mbili, ilianguka nje ya mji muda mfupi baada ya kuruka. Nilikuwa nimeiona angani mara nyingi. Haikuwa na rangi hata kidogo. Ndiyo hasa niliyokuwa naiunda mezani kwangu tangu mwezi wa pili. Waliokuwa kliniki siku ile waliziacha kazi zao habari ilipofika. Wakasema wamekufa wawili, rubani na mmoja wa wapakiaji.

Sikuuliza majina. Niliuliza kama ni ile inayong'aa kama fedha.

Jumanne ya wiki jana, Santo, dereva wetu, alikuja na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Santo alikulia Uganda, ni mtu mwema, anajua ndege zangu na huwa anazicheka kwa upendo. Wauza vyuma chakavu walikuwa wameshaanza kuyakatakata mabaki ya ile ndege, wengi wao wakiyayeyusha kutengeneza sufuria, naye akaomba kipande.

"Madam, mimi iko na zawadi yako," akasema.

Kilikuwa bati la alumini lenye ukubwa wa sahani, limejikunja kidogo, lina safu mbili za ribiti, zile pini za kuunganishia mabati. Nilipiga kelele. Kweli nilipiga kelele ya furaha, katikati ya kliniki, mgonjwa akiwa kwenye benchi na shavu limevimba. Nilimkumbatia Santo. Hatimaye ningeona kwa macho yangu kivuli ambacho nimekitafuta kwa foili na mayai miezi yote hiyo.

Kilikuwa kimechafuka. Upande mmoja kulikuwa na masizi, na karibu na ukingo doa la kahawia, limekauka, kubwa kama kiganja.

Nilijiambia ni oili.

Siku iliyofuata nilikipeleka kwenye chumba changu cha kazi, nikawasha mota ninayong'arishia meno, nikapaka dawa kwenye brashi na kusugua. Doa lilikuwa gumu kutoka. Nilirudia mara tatu. Mwishowe bati likawa kioo, nikauona uso wangu ndani yake, ukitabasamu.

Baada ya hapo, bila kubadilisha brashi, nikamalizia meno ya mgonjwa mmoja aliyekuwa anayasubiri. Meno mawili ya mbele, ya juu. Ile chapa ya plasta niliyotoa kinywani mwake ilikuwa imeandikwa Lado. Juba ina akina Lado wengi kama Kenya ilivyo na akina Kamau.

Jioni hiyo nikaandika hapa. Baadhi yenu mlisoma. Niliweka picha sita na kichwa cha furaha, nikaeleza jinsi dawa ya meno bandia inavyotoa mng'ao ambao dawa za dukani haziwezi. Mtu mmoja akaandika, "Bahati yako, dada! Natamani ningepata kama hicho." Nikamjibu kwa moyo mwekundu.

Moyo mwekundu.

Jumatatu wiki hii dada wa mapokezi alipiga simu kwa wote ambao meno yao yako tayari. Jana, saa tano hivi, akaja mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amevaa nguo nyeusi, kichwa amekinyoa. Alisimama mlangoni kwangu kama mtu asiyejua ameitiwa nini. Akasema anaitwa Keji, kwamba tulipiga namba ya mume wake, na kwamba labda tumekosea, maana mume wake hakuwahi kumwambia habari za meno.

Nikamwuliza jina la mume.

"Lado. Alikuwa napakia mizigo kwa ndege."

Hapo ndipo nikamkumbuka, na jinsi nilivyomkumbuka ndiyo inanitapisha hadi sasa. Mwanaume mrefu, mpole, aliyecheka kwa kufunika mdomo. Nilipomwambia afumbue na kumjazia kinywa lile tope la kupimia, nilimwuliza maswali ya ndege tupu. Alikuwa ameniambia kazi yake, basi sikumwachia. Maskini alijibu kwa vidole. Lilipotoka akatema, akafuta midevu, akaniambia, "Ile yetu haina rangi, daktari. Jua ikipiga, huwezi kuangalia." Aliniahidi kwamba siku moja ataniombea ruhusa niione kwa karibu. Aliniambia pia kwamba meno ni siri, anataka kumshangaza mke wake.

Ndege niliikumbuka wiki zote tatu. Yeye nilimsahau.

Nilimpa Keji kile kiboksi. Akakifungua, akayatazama yale meno mawili, akakifunga. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana alikuwa nanunua dawa ya mswaki mpya."

Kisha akageuza kichwa. Lile bati lilikuwa juu ya meza, nimeliegemeza ukutani, linawaka. Alilishika kwa mikono miwili, akajiona.

"Hii iko nini?"

Nikasema, "Sinia."

Nilisema neno hilo haraka kabisa, bila kufikiri, kama mtu anayejua kusema uongo. Akasema ni nzuri. Akairudisha polepole, akaniambia asante, daktari, Mungu akubariki, akaondoka.

Nilikwenda chooni nikatapika.

Santo alinikuta nje nimechutama. Nilimweleza. Akasema, "Mimi nilitaka kufurahisha wewe, sakit, basi tu. Hakuna ubaya mimi nilifikiri." Najua. Hata sikumkasirikia. Santo alileta kitu kikiwa kichafu kama kilivyokuwa. Aliyekisafisha ni mimi.

Jana jioni niliifuta ile habari niliyoandika hapa. Picha zote sita. Nikakaa mbele ya simu nikihisi nafuu kidogo, halafu ile nafuu yenyewe ikanichukiza. Kufuta pia ni kusugua. Nimeirudisha. Iko hapo chini, pamoja na ule moyo. Anayetaka kujua mimi ni mtu wa namna gani akaisome.

Leo nimetoka kazini saa nane. Niliomba anwani mapokezi, nikapanda boda hadi Kator, nikashuka karibu na kanisa kuu na kuuliza. Bati nimelibeba kifuani, limefungwa kanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilichopanga kilinitetea. Sikujua kwamba Lado alikuwamo ndani. Sikujua kwamba lile doa ni kitu. Lakini nilikuwa najua ndege ni ile ile, na watu wawili wamefia ndani yake. Nilichokosa kujua ni jina tu.

Keji alikuwa kwenye rakuba, kibanda cha kivuli cha uani, anachambua dengu na mama mmoja mzee. Akanipa kiti cha plastiki. Akamwita binti alete maji. Huo ukarimu ulinichoma kuliko matusi.

Nilifungua kanga, nikasema, "Dada Keji, jana nilikudanganya. Hii si sinia. Ni bati la ndege ile."

Aliacha dengu.

Nikamwambia yote, nikamwomba msamaha. Jinsi nilivyofurahi. Jinsi nilivyoandika kwenye mtandao. Nilisema kwamba nilimpima Lado na kumwuliza habari za ndege, na alipokufa sikuuliza ni nani aliyekufa. Nilisema haraka, naogopa kusimama.

Nilipomaliza alilichukua bati, akaliweka mapajani.

"Wewe najua ndege," akasema. "Hii ilikuwa wapi?"

Sikutegemea swali hilo. Na nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu siku ya kwanza, kwa ile mikunjo, zile safu mbili za ribiti na mpira mweusi ulioganda kwenye ukingo. Ningeweza kusema ni mkiani. Yeye angejuaje?

"Ni kando ya mlango wa mizigo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Yeye alikuwa nakaa pale. Kila siku alisema pale iko na upepo."

Kisha akapitisha kidole kwenye ile alumini, mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta kitu.

"Kulikuwa na kitu juu yake?"

"Masizi. Na doa moja."

"Rangi gani?"

"Kahawia."

"Ukafanya nini?"

"Nikalisugua mpaka likatoka."

Kuku alipita chini ya kiti changu. Kwa jirani redio ilikuwa inacheza.

"Kwa nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama vile kweli kuna sababu, na mimi ninayo, na nikimpa ataielewa. Nilitafuta. Nilichopata ni hiki: kwa sababu lilikuwa linaharibu mng'ao. Nikamwambia hivyo hivyo. Sura yake ilibadilika. Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokigundua ndani ya chakula baada ya kumeza, na nikajua anaona kile ninachokiona mimi tangu jana.

Sikumwomba msamaha mara ya pili. Mara ya kwanza niliuomba, naye aliuacha pale pale ulipoangukia.

Bati amelichukua. Amelipeleka ndani ya nyumba, na aliporudi yule mama mzee alikuwa anamwuliza kitu kwa Kibari, lugha yao, akininyooshea kidole. Ni mama yake Lado. Keji aligeuka kwangu. Aliniambia mimi:

"Huyu bado hajui wewe nani. Mimi siwezi kumwambia. Kuja Jumapili baada ya misa, useme mwenyewe."

Nikasema Santo anaweza kuja kunitafsiria, maana mama hajui Kiswahili, ni Kibari na Kiarabu cha Juba tu.

"Hapana. Wewe peke yako."

Nimerudi kwa miguu mpaka nusu ya njia.

Ndege yangu ipo mezani, bawa moja limekwisha, la pili bado plastiki. Sijaivunja. Kuivunja kungekuwa maigizo, na ningejiona mtu mwema kwa dakika tano. Nimeifunika tu, kwa sababu siwezi kuiangalia nikiwa na njaa wala nikiwa nimeshiba. Sijui kama nitaimaliza. Hilo si swali la leo.

Swali la leo ni Kiarabu. Miaka mitano Juba na ninachojua ni cha sokoni: chai, maji, pole, punguza. Kwa maneno hayo huwezi kumwambia mama jambo lolote linalohusu mwanawe. Nimechukua karatasi nikaandika kwa Kiswahili kile ninachotaka kusema. Sentensi kumi na moja. Nilipozisoma, saba zilikuwa habari zangu mimi: nilivyojisikia, nilivyoumia, nilivyotapika. Nimezikata.

Zimebaki nne, za Lado na lile doa. Kesho nitampelekea Santo azigeuze Kiarabu na kunifundisha namna ya kuzitamka, na Jumapili nitazisema.