Sogeza Kidole Kimoja

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Nimeshinda! Ungekuwepo ningekuja kukupigia vigelegele mlangoni, lakini ulishatutoka, basi nakuandikia.

Unaikumbuka siku ile Kisarawe, mashine yako ya kusaga ilipoanza kukohoa? Uliweka ncha ya mwiko kwenye chuma, mpini sikioni, ukakunja uso kama mtu anayesikiliza anavyosengenywa. Nami nikajaribu. Sikusikia kitu, nikashangilia, "Mama, imepona!" Ukacheka mpaka kanga ikakudondoka. "Haijapona, umeshika pabaya. Sogeza kidole kimoja." Nikasogeza, beringi mbovu ikaningurumia sikioni.

Nimekua, sasa nahangaika na leza hapa Kibaha. Ni mwiko uleule, ila wa mwanga. Mwale unapiga mashine, unarudi ndani ya leza ileile na kuchanganyika na mwanga wake, na mtikisiko unaonekana kwenye kompyuta kama mawimbi. Shida ni kwamba chuma kina mikwaruzo. Mwanga ukikigonga unatawanyika kuwa madoadoa, mengine yanang'aa, mengine giza tupu. Doa la giza likirudi kwenye leza, mawimbi yanafifia, utadhani mashine imetulia. Madoadoa hayo yamenitoa machozi, Mama. Wenzangu waliniambia niachane nayo.

Wiki iliyopita nikaipeleka leza kwenye mashine yako. Kaka Elia, anayeiendesha sasa, alikuwa anasikia mlio asiouamini, akaogopa isije ikapasuka watu wamepanga foleni mbele yake. Fundi alishaishika akasema nzima. Nikawasha leza. Mstari kwenye kompyuta ukalala tuli. Fundi akacheka, "Si nilisema? Dada, nzima hii."

Ndipo nikakukumbuka. Nikasogeza mwale, hata kidole hakikufika, upana wa ukucha tu, doa linalong'aa likarudi, na mawimbi yakasimama wima!

"Fungua," nikamwambia fundi.

Akafungua. Gololi mbili za beringi zimepasuka. Alizigeuzageuza kiganjani. Aliyelia ni Elia.

Beringi mpya imeshafungwa, unga unatoka. Kwenye leza nimeweka skrubu ndogo ya kusogezea mwale kila mawimbi yanapofifia. Wenzangu wakiniuliza skrubu hiyo inaitwaje, nawaambia inaitwa Mama.

Pumzika. Mashine ikinyamaza, siiamini mpaka nisogeze.

Mwanao wa mwisho,
yule aliyeshika pabaya