Jogoo wa Mama Mkwe

Lagangabilili, 3 Juni 2025

Mwangaluka kaka Joakim,

Sisi wazima. Nyanda ameota jino, ananing'ata nikimnyonyesha halafu anacheka. Hapo chuoni unakula vizuri?

Vyumba vyangu viwili vya wageni vimekwisha kujengwa, hata neti nimefunga, ila hajalala mtu. Watalii wa mbugani wanapita tu. Na huo utalii halali unaosomea, mama mkwe anauliza, kwani upo wa haramu?

Mdogo wako,
Milembe

Dodoma, 11 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo. Mjomba wangu Nyanda aache kukung'ata.

Mwambie mama mkwe utalii halali ni safari ambayo Mwislamu anapata chakula anachoruhusiwa, maji ya kutawadha na pa kusali. Watafiti waliandika sana juu ya hoteli na vyakula. Siku hizi wanauliza pia, mwenyeji asiye Mwislamu anampokeaje mgeni huyo? Hapo ndipo nilipo mimi. Msimamizi wangu, Dakta Zuhura, atapita huko na mwenzake, Salumu. Nimewaomba walale kwako. Wakiridhika, wanafunzi wao watafikia hapo. Kuku achinjwe na Mwislamu, usisahau.

Kaka yako,
Joakim

Lagangabilili, 2 Julai

Shikamoo kaka,

Tu wazima, na wageni wameondoka salama. Nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa.

Nilitaka wakute chakula mezani, kama hotelini. Mchinjaji wa sokoni akachelewa, nami kwa haraka nikachinja kama siku zote. Kuku yuko jikoni anachemka ndiyo nakumbuka barua yako. Nililia, Nyanda naye akalia. Gari likaingia.

Tangu asubuhi mama mkwe alikuwa akinigombeza: mgeni haletewi kuku wa kwenye sahani, anaonyeshwa kwanza akiwa hai, ajue ni wake. Nikaona ushamba. Basi akatoka na jogoo lake kwapani, akapiga goti mbele ya Dakta.

"Kuku wenu huyu. Kisu kipo, mchinje wenyewe."

Dakta akampokea kwa mikono miwili. Salumu akachinja pale uani, mama mkwe kashika miguu. Tukala sote. Kuku wangu alimalizwa na mume wangu jikoni, hana neno.

Mdogo wako,
Milembe

Dodoma, 10 Julai

Milembe,

Natumai hamjambo. Dakta hana habari nyingine ila mama mkwe wako. Kaniongezea swali kwenye utafiti: mgeni alimwona kuku akiwa hai? Wanafunzi wanakuja Agosti.

Kaka yako,
Joakim

Lagangabilili, 18 Julai

Kaka,

Hatujambo, tunacheka tu. Mama mkwe kaatamisha kuku. Nimemwambia Agosti hao watakuwa bado vifaranga. Anasema majogoo ya Agosti anayo, hawa ni wa wageni wa mwakani.

Mdogo wako,
Milembe