Saladi Iliyonifunga

Mama Kabula, mwangaluka. Mhola hapo nyumbani? Yule mtoto wetu mdogo kikohozi kimeisha? Mvua ya huko Kasoli imewatosha, au pamba imedumaa tena? Mimi huku Ufaransa mwili ni mzima. Roho ndiyo haina raha, sitakudanganya.

Najua unasubiri nitaje siku. Wazazi wa mchumba wa Kabula wanataka kuleta ng'ombe wa mahari, na mimi baba yake sipo zizini kuwapokea. Ngoja nikueleze kinachonizuia, ucheke ukitaka.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipokuja hata kiwanda chetu kikafungwa, si yule Mfaransa, fundi mitambo wa pale kiwandani, alinichukua nije nimpikie mama yake? Siku ya kwanza tu bibi akaagiza saladi ya kwao. Ni majani machungu, vipande vya nyama ya nguruwe vya kukaanga, mafuta yake ya moto na siki juu, halafu yai la kuvunjia kwenye maji yanayochemka, kiini kibaki laini. Majani yenyewe eti yawe mabichi. Mimi Msukuma nimpe mtu mzima chakula cha ndama? Nikayatia kikaangoni mpaka yakalegea kama mboga yako ya mgagani.

Kumbe bibi hana meno. Miaka yote alikuwa anayatazama tu hayo majani. Alikula, akafuta sahani kwa mkate, na tangu hapo hali chakula cha mkono mwingine. Mwanawe kaniambia wazi kwamba nitarudi kwetu mama akishapumzika milele. Pasipoti yangu anayo yeye. Basi mke wangu, nimekuwa mtu wa kusikiliza pumzi za mwenzangu. Naona aibu hata kuandika.

Jana nikasema liwalo na liwe. Nikampa majani mabichi, anichukie, anifukuze. Akatafuna kwa fizi, akatafuna, machozi yakamtoka. Mwisho akaniuliza, "Umenichoka, mwanangu?"

Nikachukua sahani, nikairudisha jikoni kuyalegeza majani.

Kwa hiyo mwambie kaka Maduhu asimame zizini mahali pangu. Kabula asininunie, mwambie baba yake alijaribu. Nisalimie shangazi anayekusaidia kupalilia.

Na mama yangu. Uliniandikia kwamba naye meno yamekwisha. Mlegezee mboga, tafadhali.

Ndimi mumeo,
Baba Kabula