Niliwaambia Wasikuguse

Mjomba Yona,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea niwe mtu wa kuanza maneno na mkubwa bila salamu.

Jana nilirudi kinuni, pale ulipokuwa ukikamua mafuta. Tangu tulipokuzika Haneti, nikipita hapo Chamwino huwa naangalia upande wa pili wa barabara, ila safari hii bosi wako alinipigia simu mwenyewe. Masharti ya huduma ya kwanza kazini yamebadilishwa, na waajiri wanahangaika kutafuta wakufunzi kama mimi wa kuwaweka sawa kabla wakaguzi hawajafika. Alinipokea na soda baridi, akanipa pole. Kisha akauliza kama anaweza kunipa jina la mtu mmoja tu wa kufundishwa, kama mara ile, maana ni msimu wa alizeti na mashine haziwezi kusimama.

Mara ile. Ndivyo anavyoita.

Mara ile nilitakiwa nifundishe zamu nzima. Akanipa wewe peke yako, na mimi nikakubali. Nilikuwa mgeni kazini na sikutaka kubishana na mtu mwenye kinu. Na nilifurahi, mjomba, nisikudanganye. Nilifurahi kukuona umekaa mbele yangu na daftari la shule, unaniita mwalimu bila hata kutabasamu. Nyumbani ulifanya mazoezi mpaka mkeo akachoka. Ulimfunga bandeji yeye, ukafunga mguu wa kiti, ukamkimbiza mbuzi uani naye umfunge. Nilipokuja Jumapili ukanikosoa mbele ya wageni: "Mwalimu, jana ulisahau kunawa mikono." Nilicheka hadi nikaona aibu.

Siku ya kukupa cheti wenzako waliitwa dakika kumi, wakati wa chakula. Nikasimama juu ya gunia la mashudu na kusema maneno ambayo nayakumbuka yote. Nilisema kuanzia leo mtu akiumia aitwe Yona. Nilisema asiyefundishwa asimguse majeruhi, wala asifungue kile kisanduku cha dawa na bandeji. Nilitaka wakuheshimu. Walipiga makofi, na wewe ukavuta shati lako vizuri.

Mkanda wa mashine ulipokamata mkono wako, watu wa upande wa maghala walisikia kelele wakaanza kuita, "Yona aje, Yona aje." Hawakujua kuwa ni wewe.

Haya aliniambia Lameki, yule mpakiaji mrefu, siku ya matanga. Alinivuta pembeni ya jiko. Alisema ulikuwa umekaa chini, umeegemea ukuta, unawaelekeza. Kandamiza hapa kwa kitambaa. Nyanyua mkono. Kaza, usiachie. Hukukosea hata hatua moja. Nao walisimama wamekuzunguka, wazima, wana mikono miwili kila mmoja, wanasubiri gari la bosi litoke mjini. "Tuliogopa, dada," akaniambia. "Si wewe ulisema tusiguse?" Hakuniambia kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angenitukana. Gari lilipofika ulikuwa huongei tena, na hospitali hukuiona.

Nilirudi ndani nikakaa kwenye mkeka karibu na mkeo. Akanishika mkono mbele ya wanawake wote, akasema, "Angalau wewe mwanangu kazi yako ni kuokoa watu." Nikanywa chai niliyopewa. Na kila anaponitumia salamu mpaka leo, ananishukuru kwa kukupa heshima ile ya cheti kabla hujafa. Mimi najibu amina.

Basi jana nilimwambia bosi wako kwamba sitaandika jina la mtu mmoja. Ama mashine zisimame nifundishe wote, pamoja na mlinzi na mama anayepika ugali, ama atafute mtu mwingine wa kumwekea saini. Alinung'unika sana. Aliniambia nimekuwa mgumu siku hizi. Mwishowe akazima mashine, akasimama mlangoni anaangalia saa. Nikamwomba atoe cheti chako ukutani, akasema kibaki kwanza, wakaguzi wanaweza kukiulizia. Umekufa, mjomba, na bado unamfanyia kazi.

Katikati ya mafunzo Lameki akanyoosha mkono. Akauliza, "Na aliyefundishwa akiumia yeye?" Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nikawaambia kwamba mara ile nilikosea, kwamba nilipaswa kuwaambia wasimwache mtu avuje damu hata kama hawajui lolote, washike tu, wakandamize, na wakuulize wewe unayejua. Mama wa ugali akaanza kulia. Mimi sikulia. Niliwapanga wawili wawili wakakandamizana mikono mpaka nikaridhika, na Lameki alikandamiza kwa nguvu mno hata mwenzake akalalamika. Sikumwambia alegeze.

Nimekukasirikia pia, nikuambie ukweli. Kiburi chako na kile kisanduku. Wenzako wanasema ulikuwa unatembea na ufunguo shingoni na hukumfundisha mtu hata kufunga kidole. Lakini hilo nalo ulilitoa kwangu, kwa hiyo hasira yangu haifiki mbali kabla ya kunirudia.

Kuna mmoja tu ambaye bado hajasikia. Jumamosi nakuja Haneti. Nitapita kwanza kaburini kwako, nitang'oa majani, halafu nitaingia kwa mkeo kabla hajatenga chakula, maana nikishakula sitasema. Nitamwambia kwamba uliwaelekeza vizuri na wangeweza kukuokoa, na kwamba waliokuacha walikuwa wanatii maneno yangu. Huenda akanifukuza. Huenda asiniite mwanangu tena, na sina mama mwingine aliyebaki.

Lala salama, mjomba. Msamaha sikuombi wewe leo. Nitamwomba yeye kwanza.

Mpwa wako,
Tabitha