Nimeacha Mbio, Mtoto Bado

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimechoka, hata kulia nimechoka. Niliolewa na Kigen hapa Soy, huu ni mwaka wa nne na sijapata mtoto, na mama mkwe anasema ni mbio zimeniharibu kwa sababu nilikuwa nakimbia kila asubuhi nikishakamua ng'ombe, basi nikaacha ili kuwe na amani, viatu nikapeana, na sasa nimenenepa, usingizi hauji, siku zangu za mwezi zinakuja zikitaka, na mtoto bado. Kigen ni mtu mzuri, kazi yake ni kunyunyizia mahindi ya watu dawa ya magugu, anarudi shati limelowa dawa mgongoni na mimi ndiye nafua kwa mikono, hata mtungi wa dawa ukiisha naosha vizuri na jivu tunabebea maji ya kunywa shambani, kwa hivyo si kwamba mimi ni mvivu. Nilimwomba twende hospitali wote wawili, akanijibu, "Mimi sina shida, ni wewe ulikuwa unakimbia." Jumapili wazee wanakuja kuongea habari ya mke wa pili. Nirudi kwetu kabla hawajafika?

Jerop, Soy

Jerop, pole sana. Barua kama yako nimesoma mpaka nami nimechoka, na karibu zote mke ndiye mwenye makosa na mume hajapimwa.

Lakini wewe nawe, mama, umeniandikia hatari ukidhani ni sifa. Jivu halitoi dawa iliyoingia kwenye plastiki. Baadhi ya dawa za shamba huvuruga homoni, za mke na za mume, na nyinyi mnazifua na kuzinywa. Sisemi ndizo zimewanyima mtoto. Hilo sijui, na mama mkwe wako hajui pia. Ni kweli anayekimbia kupita kiasi bila kula vizuri anaweza kukosa hedhi, ila wewe uliacha, na kilichoisha ni furaha yako tu.

Usirudi kwenu. Toboa huo mtungi leo, asiutumie mtu mwingine. Kigen avae nguo za kujikinga akinyunyiza, aoge akifika, na shati lake alifue mwenyewe, kando, na glavu mikononi. Kisha mwende kliniki Eldoret mkiwa wawili, na habari ya dawa mwambieni daktari bila kuficha. Mbio anza tena polepole, ukiwa umekula.

Wazee wakifika Jumapili, wakaribishe chai, halafu waambie kwa heshima: "Kigen bado hajapimwa. Akishapimwa, tutaongea."

Na maji ya hiyo chai, tafadhali, chota kwa ndoo.